Soketi imekufa: jinsi ya kutafuta tatizo hatua kwa hatua

Soketi ikifa, mkono hukimbilia bisibisi. Mtu anaifungua, anachungulia nyaya, anakaza skrubu mbili tatu, anafunga, na soketi bado kimya. Mimi pia nimepita huko. Jioni moja nilifungua soketi tatu za sebuleni, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa nzima. Pasi niliyokuwa nikipimia ndiyo iliyokuwa imekatika waya ndani ya shingo ya plagi.

Tangu hapo nina utaratibu ninaoufuata bila kuruka hatua. Msingi wake ni kwamba soketi iliyokufa ni mahali dalili inapoonekana tu. Chanzo mara nyingi kiko nyuma yake, upande umeme unakotokea. Kazi kubwa basi hufanyika kabla bisibisi haijatoka kwenye droo: kuuliza, kuhesabu, kupima kwa nje. Ukiifanya vizuri utafungua soketi moja au mbili, na mara nyingi hutafungua hata moja.

Ukiona haya, usiendelee

Zima breka ya soketi hizo (au meni swichi, kama hujui breka ni ipi) na umwite fundi iwapo unasikia harufu ya plastiki inayoungua au harufu kama ya samaki aliyeoza karibu na soketi, mlio wa kuchachatika ndani ya ukuta, au uso wa soketi una joto. Vivyo hivyo ukiona alama za kahawia au nyeusi kuzunguka matundu, maji yameingia, au mtu ameshapigwa na umeme alipogusa bati la kifaa kilichochomekwa hapo. Plagi iliyoyeyuka ikagandana na soketi usiichomoe umeme ukiwa umewaka.

Ujue pia sheria ya unakoishi. Nchi nyingi zimeacha kazi ya nyaya za ndani ya ukuta kwa mafundi wenye leseni peke yao. Yote nitakayoeleza kabla ya kufungua soketi anaweza kuyafanya mtu yeyote. Kuanzia kufungua, endelea kama sheria inakuruhusu na kama una uhakika na unachokifanya. Na usidanganywe na maneno kwamba volti 120 zinazotumika Marekani ni "umeme mdogo". Zinaua, sawa na volti 230 zinazotumika sehemu kubwa ya dunia.

Anza na kifaa

Chukua kitu unachojua ni kizima. Mimi hupenda taa ya mezani kwa sababu haina siri: inawaka, haiwaki, au inapepesa, na kupepesa nako ni jibu. Iwashe kwanza kwenye soketi ya chumba kingine inayofanya kazi, kisha ilete kwenye ile iliyokufa. Ikiwaka, soketi yako haina neno, na mgonjwa ni kile kifaa cha mwanzo.

Kama plagi zako ni zile za Kiingereza zenye miguu mitatu bapa, ndani yake kuna fyuzi ndogo, kwa kawaida ya ampea 3 au 13. Hiyo huungua yenyewe bila soketi kuhusika. Weka mpya yenye namba ileile. Kuna wanaozungushia fyuzi karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili "iunganishe tu". Hiyo ni kuondoa kinga pekee inayolinda waya wa kifaa, na waya huo ndio utakaogeuka kuwa fyuzi, kitandani au chini ya zulia.

Halafu angalia vitu ambavyo mtu huona aibu kuvitaja. Swichi ya pembeni ya soketi imewashwa? Kabati likisogezwa huizima bila mtu kujua. Kifaa kimechomekwa kwenye eksitensheni? Ichomoe, uchomeke taa moja kwa moja ukutani. Je, kuna swichi ya ukutani karibu na mlango ambayo hujawahi kujua inawasha nini? Katika nyumba nyingi za Marekani swichi ya namna hiyo huwasha soketi, au nusu ya soketi ya matundu mawili, ili taa ya kusimama iwashwe ukiingia.

Mwisho, ukiwa umechomeka taa, isogeze plagi kidogo juu na chini. Taa ikipepesa, mabati ya ndani yanayobana miguu ya plagi yamelegea. Soketi hiyo haitengenezwi, inabadilishwa. Kukunja karatasi na kuishindilia pembeni ili plagi ikae sawa ni kuongeza kuni mahali penye cheche.

Zungukia nyumba, uandike

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko zote. Beba ile taa, pita kila chumba, jaribu kila soketi, kisha andika kwenye karatasi ipi nzima na ipi imekufa. Jaribu na taa za dari. Dakika kumi zinatosha.

Nyumba nzima ikiwa gizani, angalia kama majirani wana umeme, kama mita yako ni ya kulipia kabla na salio limekwisha, au kama meni swichi imeanguka. Taa za dari zikiwaka lakini soketi zote zimekufa, usishangae: taa na soketi kwa kawaida zina saketi tofauti (njia ya nyaya inayotoka kwenye breka moja) na breka tofauti. Soketi moja ikifa peke yake, na zilizo pande zake zote zinafanya kazi, unaishuku hiyo yenyewe.

Hali yenye mafumbo ni pale zinapokufa tatu au nne, na nyingine za chumba hichohicho bado nzima. Hapo inakupasa ujue umeme unavyosafiri. Mara nyingi waya hutoka kwenye boksi la breka, ukaingia soketi ya kwanza, ukatoka hapo kwenda ya pili, ukatoka ya pili kwenda ya tatu, kama watu wanaopokezana ndoo. Wa pili akiangusha ndoo, wote walio mbele yake wanakosa maji, ingawa mikono yao ni mizima. Kwa hiyo tatizo liko kwenye soketi ya mwisho iliyo nzima, au ya kwanza iliyokufa, au kwenye waya kati ya hizo mbili. Ile nzima ndiyo watu hawaifungui kamwe, eti inafanya kazi! Kumbe nyuma yake skrubu inayopeleka umeme mbele imelegea.

Kuna nyumba, hasa zilizofungwa nyaya kwa mtindo wa Uingereza, ambazo soketi zake ziko kwenye duara: waya unatoka kwenye breka, unapita soketi zote na kurudi kwenye breka ileile. Duara likikatika mahali pamoja, soketi zote zinaendelea kufanya kazi kwa sababu zinalishwa kutoka pande mbili. Nzuri kwa macho, mbaya kwa waya. Waya wa milimita 2.5 za mraba uliokusudiwa kugawana mzigo wa breka ya ampea 32 na mwenzake sasa unaubeba peke yake. Soketi zikifa kwenye duara, maana yake limekatika mahali pawili, au tatizo liko kwenye breka.

Boksi la breka linasema mengi

Fungua kifuniko cha mbele tu, kile cha bawaba. Tazama breka zote. Iliyoanguka si lazima iwe imeshuka kabisa. Nyingine husimama katikati, na kwa mbali huonekana kama imewashwa. Pitisha kidole kwenye kila moja usikie iliyo legelege. Ukiipata, ishushe hadi mwisho kwanza, isikike ikikaa, ndipo uipandishe. Ukiipandisha kutoka katikati haishiki, na watu wengi hapo huamua kuwa breka imekufa wakaenda kununua nyingine.

Kabla ya kuirudisha, nenda ukachomoe vifaa vyote vya saketi hiyo. Irudishe, kisha tazama saa. Muda ambao breka inachukua kuanguka tena ndio unaokutajia ugonjwa.

Ikianguka papo hapo, kwa kishindo, huku hakuna kifaa kilichochomekwa, kuna shoti kwenye nyaya au ndani ya soketi: waya wa moto, unaoleta umeme, umegusa nyutro, unaourudisha, au ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Usiirudishe mara ya pili na ya tatu ili "kuona". Kila unapoirudisha unapitisha mkondo mkubwa pale nyaya zilipogusana, na msumari uliopigwa ukutani kwa ajili ya picha mpya ni mshukiwa wa kwanza. Hapo fundi anahusika.

Ikikaa vizuri hadi uchomeke kifaa fulani, ndipo ianguke hapohapo, kifaa hicho kina shoti. Kiweke pembeni.

Ikikaa nusu saa au saa nzima ndipo ianguke, umezidisha mzigo. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya wati kwa volti upate ampea. Kwa volti 230, birika la wati 2,200 linavuta karibu ampea 9.6, na heta ya wati 2,000 inavuta 8.7. Jumla ni 18.3. Ongeza pasi ya wati 1,200, ampea 5.2, unafika 23.5. Breka ya ampea 16 haikati mara tu mkondo unapofika 17, imeundwa ivumilie ziada ndogo kwa muda. Ndiyo maana birika na heta vinaweza kwenda pamoja muda mrefu, ukaona mambo ni shwari, mpaka siku pasi inapoingia. Dawa ni kugawa vifaa vya joto kwenye saketi tofauti. Kuweka breka ya ampea 25 mahali pa 16 ni kosa ninaloliona mara nyingi kuliko ninavyopenda. Breka inalinda waya ulio ukutani, na waya haujui kwamba umebadilisha breka.

Breka ya uvujaji

Kwenye boksi huenda ukaona breka pana kuliko nyingine, yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T au TEST. Imeandikwa RCD, RCCB, au kwa zile za zamani ELCB. Kazi yake ni kulinganisha mkondo unaotoka kwenye waya wa moto na ule unaorudi kwenye nyutro. Vikitofautiana, maana yake umeme umepata njia nyingine, pengine kwenye bati la mashine au mwilini mwa mtu, na inakata. Zinazolinda watu kwa kawaida hukata kwenye tofauti ya miliampea 30, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Hii ikianguka, huua kundi zima la soketi, mara nyingine pamoja na taa. Kuitafuta sababu kunahitaji subira. Chomoa vifaa vyote. Nasema chomoa, kuzima swichi ya soketi hakutoshi: swichi nyingi za soketi hukata waya wa moto peke yake, na nyutro inabaki imeungana na kifaa. Kifaa ambacho nyutro yake inagusa ethi kinaweza kuendelea kuiangusha breka ya uvujaji hata swichi ikiwa imezimwa. Nimewahi kuona watu wakiapa kwamba "kila kitu kimezimwa na bado inaanguka", na mashine ya kufulia iko palepale, imechomekwa.

Ikikaa baada ya kuchomoa vyote, rudisha kimoja kimoja, ukikiwasha kila unapokirudisha, na ukisubiri kidogo. Anza na vile visivyo na maji wala joto, umalizie na birika, pasi, heta ya maji, mashine ya kufulia na friji. Mara nyingi mkosaji yuko kwenye kundi hilo la mwisho, kwa sababu koili ya joto ikipata ufa hunyonya unyevu na kuanza kuvuja. Friji kuukuu ina tabia ya kuvuja tu pale inapoyeyusha barafu yenyewe, ndiyo maana breka huanguka usiku wa manane na asubuhi huoni sababu. Usisahau soketi za nje na taa za bustani. Mvua ikinyesha kisha breka ikaanguka, anzia huko.

Ikianguka huku hakuna kilichochomekwa, uvujaji uko kwenye nyaya. Kupima hilo kunahitaji kipimo cha ukinzani wa ganda la waya, chombo ambacho watu wengi hawana nyumbani.

Walio kwenye nyumba za mtindo wa Marekani watafute soketi yenye vitufe viwili katikati, kimoja cha kujaribu na kingine cha kurudisha. Soketi moja ya aina hiyo inaweza kuwa inalinda nyingine kadhaa zilizo mbele yake. Ya bafuni inaweza kuua ya gereji, nawe ukakesha gereji ukitafuta tatizo lisilokuwapo huko. Zungukia zote, bonyeza kitufe cha kurudisha.

Testa inapokudanganya

Breka zote ziko juu, taa yako haiwaki. Sasa ndipo wengi hutoa testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani. Wanaiingiza kwenye tundu la moto, kitaa kinawaka, wanasema: "Umeme upo, tatizo nini?"

Testa inakuambia kwamba tundu lina volti kulinganisha na mwili wako. Haikuambii kama umeme una njia ya kurudi. Umeme usio na njia ya kurudi haufanyi kazi yoyote, na nyutro iliyokatika ni miongoni mwa sababu za kawaida kabisa za soketi kufa ilhali breka zimesimama.

Kuna jaribio moja linaloonyesha hili waziwazi. Chomeka ile taa ya mezani kwenye soketi iliyokufa na uiache swichi yake imewashwa. Nenda kwenye soketi jirani, iliyokufa pia, ingiza testa kwenye tundu la moto: kitaa kinawaka. Ihamishie tundu la nyutro. Kikiwaka huko pia, umekwisha kupata jibu. Umeme umeingia kwenye taa kupitia waya wa moto, ukapita, ukatoka upande wa nyutro, ukakuta njia imekatika huko nyuma, ukabaki umesimama kwenye nyutro yote iliyo mbele ya mkato. Chomoa taa, na kitaa cha testa kwenye tundu la nyutro kinazimika. Mara ya kwanza nilipoliona hili nilidhani nyumba imerogwa. Ni hatari pia, kwa sababu anayeamini nyutro haina umeme anaweza kuishika.

Udhaifu mwingine wa testa ni kwamba kitaa kisipowaka haimaanishi pako salama. Ukivaa viatu vya soli nene, ukisimama juu ya ngazi ya mbao, au mchana mkali ukifuta mwanga wake, unaweza kusoma "hakuna" mahali palipo na volti 230. Testa ni ya kudokeza. Kuthibitisha ni kazi ya maltimita, chombo kinachokupa volti kwa namba.

Maltimita: namba tatu tu

Iweke kwenye volti za umeme wa mkondo geu, zile zenye alama ya wimbi, kwenye kipimo cha juu kuliko umeme wako, kwa mfano 600 au 750. Hakikisha waya za vipimo hazina mchubuko na zimechomekwa kwenye matundu ya volti. Zikiwa kwenye tundu la ampea unapopima soketi, unapiga shoti kwa mkono wako mwenyewe. Anza na soketi nzima ili uone maltimita inasoma, kisha pima iliyokufa mara tatu: moto na nyutro, moto na ethi, nyutro na ethi.

Soketi nzima itakupa karibu 230, karibu 230, na karibu sifuri (volti moja au mbili zisikutishe). Kwenye nyumba za Marekani ni karibu 120 badala ya 230. Moto na nyutro ikiwa sifuri au namba ya ajabu, huku moto na ethi ni 230, nyutro imekatika. Zote zikiwa sifuri, waya wa moto haufiki hapo. Moto na nyutro ikiwa 230 lakini moto na ethi hakuna kitu, soketi inafanya kazi ila haina ethi, na hiyo haipaswi kuachwa hivyo kwa kuwa tu taa inawaka.

Ukisoma volti 40, 70 au 90 zinazoyumba, pengine ni umeme wa kivuli: waya uliokatika ukilala sambamba na waya wenye umeme ndani ya bomba moja huambukizwa volti kidogo zisizo na nguvu. Maltimita za kidijitali ni nyepesi kuhisi hilo. Chomeka taa huku ukipima. Namba ikiporomoka hadi karibu na sifuri, ni kivuli.

Kufungua soketi

Sasa unajua unafungua ipi na unatafuta nini. Zima breka yake. Afadhali uzime meni swichi ikiwa lebo za boksi lako ziliandikwa kwa kubahatisha, na nyingi ndivyo zilivyo. Waambie watu wa nyumbani, na ubandike karatasi kwenye boksi: "Usiwashe, kuna mtu anafanya kazi". Aliyeingia jikoni akakuta giza hatauliza, atapandisha breka.

Kisha pima mara tatu: maltimita kwenye soketi iliyo na umeme uone inasoma, halafu kwenye hii uone sifuri katika jozi zote tatu, halafu rudi kwenye ile yenye umeme uhakikishe maltimita haijafa katikati ya safari. Kama umezima nyumba nzima, fanya kipimo cha kwanza kabla ya kuzima, na cha mwisho kwenye chanzo kingine unachokijua.

Legeza skrubu mbili za uso, uvute taratibu. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Rangi zitakusaidia kujua nani ni nani: kwa mfumo wa kimataifa unaotumika sasa, kahawia ni moto, buluu ni nyutro, kijani yenye mstari wa njano ni ethi. Nyaya za zamani za Kiingereza zina nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ethi. Marekani nyeusi ni moto na nyeupe ni nyutro. Umeona mtego: nyeusi ni nyutro kwa mmoja na moto kwa mwingine. Rangi ni mapendekezo ya fundi aliyekutangulia. Maltimita ndiyo shahidi.

Vuta kila waya kidogo kwa vidole. Usiutikise, uvute kama unayejaribu kung'oa jino la mtoto lililolegea. Ukitoka, umepata. Kwenye soketi niliyoikumbuka kuliko zote, waya wa nyutro ulitoka bila hata kuvutwa. Ncha ya shaba ilikuwa nyeusi kama kijiti cha mkaa, na plastiki ya terminali, pale skrubu inapobana waya, imebadilika kutoka nyeupe hadi rangi ya chai. Kukaza skrubu juu ya shaba ya namna hiyo hakusaidii, kwa sababu shaba iliyoungua haipitishi umeme vizuri na joto linarudi palepale.

Makosa mengine utakayokuta: skrubu imebana ganda la plastiki badala ya shaba; waya ulikwaruzwa kwa kisu wakati wa kumenywa, ukavunjika mahali pa mkwaruzo; nyaya mbili kwenye terminali moja, mmoja mnene umezuia mwembamba kubanwa; kutu ya kijani kutokana na unyevu; au wadudu walioungua katikati ya mabati. Ukikuta nyaya za alumini, zenye rangi ya fedha na laini kukunjika, funga na umwite fundi. Zinahitaji viunganishi vyake.

Kama kila kitu hapa kiko imara, rudi kwenye ile soketi nzima iliyo kabla yake na uifungue kwa utaratibu uleule. Zote mbili zikiwa safi, waya kati yake umekatika ukutani au kwenye boksi la maungio juu ya dari, na hapo ndipo ninapopiga simu.

Kuweka mpya

Nunua soketi ya aina na ampea zilezile. Kata sehemu ya shaba iliyoungua hadi ufike penye kung'aa, menya ganda kama milimita 8 hadi 10, au kwa kipimo kilichochorwa mgongoni mwa soketi. Kama waya umebaki mfupi kiasi cha kuvutika, usiulazimishe. Ongeza kipande kwa kiunganishi kinachofaa. Nyaya mbili zinazoingia terminali moja zipangwe sambamba ili skrubu izibane zote.

Moto uende L, nyutro N, ethi kwenye alama ya mistari inayopungua. Anza na ethi. Kaza, vuta, kaza tena robo mzunguko. Kama boksi la ukutani ni la bati, liwe na kipande chake cha waya wa ethi kutoka kwenye soketi. Zikunje nyaya zirudi ndani kwa mpangilio, zisibanwe na skrubu za uso wala kukaa mbele ya njia yake. Skrubu ya uso inayotoboa waya ni shoti utakayoigundua utakapowasha.

Washa breka ukiwa huna kitu chochote mkononi. Ikikaa, pima zile namba tatu, kisha bonyeza kitufe cha TEST kwenye breka ya uvujaji uone inaanguka. Chomeka taa. Ikiwaka, usishangilie bado. Taa inavuta mkondo mdogo mno kuonyesha maungio dhaifu. Chomeka birika lenye maji, lichemshe mara mbili mfululizo, kisha chomoa plagi na uguse uso wa soketi na miguu ya plagi kwa mgongo wa kidole. Uvuguvugu kidogo ni kawaida. Ukilazimika kuondoa kidole haraka, zima breka na ufungue tena: kuna skrubu moja humo ndani hukuikaza.